SOMO: TULINDE NYUMBA ZETU, TULINDE NA JINA LA JIRANI

Mafungu ya kusoma nyumbani mbele ya mkutano: Mwanzo 44, Kutoka 22:1-4, Yoshua 7, Waamuzi 18:7-28, 1 Samweli 9, Nehemia 4 na 7:3, Matayo 24:43.



Somo hili si la mbinguni tu. Ni la mlango, la kufuli, la velo, la mtumbwi na la mfuko wa mpunga. Wamoja watauliza: Je, mambo haya yanafaa kusomwa kanisani? Tunajibu: ndiyo. Kwa maana mahali mali inapoibiwa, si mali peke yake inayopotea. Mara nyingi amani ya mtaa inapotea pia, na mara nyingine damu ya mtu asiye na kosa inamwagika. Tumeona hayo kwa macho yetu, na ndiyo sababu tunaandika.

I. JAMBO LILILOTUPATA

Miaka kadhaa iliyopita, katika ushirika mmoja wa upande wetu, tulifanya mkesha mkubwa mbele ya Pasaka. Mama mmoja mjane alikuja pamoja na watoto wake wote. Nyumba yake ilibaki peke yake, kwa kufuli ndogo iliyofungwa kwa misumari mifupi. Asubuhi alirudi na kukuta mlango umefunguka na mashini yake ya kushona haipo. Mashini hiyo ndiyo iliyolisha watoto wake na kuwalipia masomo.

Mama alilia, na sisi wote tulilia naye. Kisha dada mmoja akasimama katikati ya mkutano na kusema kwamba usiku ule katika usingizi aliona kijana mwenye shati jekundu akibeba mzigo. Hakutaja jina. Lakini katika mtaa ule kulikuwa na kijana mgeni, mtoto wa ndugu ya jirani, aliyekuja kutafuta kazi, naye alikuwa na shati jekundu. Mbele ya jua kufika katikati, vijana wetu walikuwa wamekwisha kumpiga na kumvunja mkono. Alisema mara nyingi kwamba hajui kitu. Baada ya siku chache aliondoka, na hatukumwona tena.

Kisha majuma machache mashini ilionekana Kindu sokoni. Mwenye kuiuza alisema wazi aliinunua kwa nani: kwa mtu wa jamaa ya yule mama mwenyewe, aliyejua saa ya mkesha na mahali mashini ilipowekwa.

Tunalisema jambo hili kwa haya. Sisi tulikuwapo. Wazee tulikuwapo, na tulinyamaza. Mwizi alichukua mashini moja, lakini sisi tulichukua mkono wa mtoto wa watu, na jina lake. Mashini ilirudi. Yule kijana hakurudi.

Basi somo la leo lina neno moja kubwa: nyumba inalindwa kwa kukesha pamoja na jirani, wala si kwa dawa, na wala si kwa kutafuta jina la mwizi katika ndoto.

II. UKUTA WA BOMA HAUTOSHI

Wazee wanajua kwamba Lokandu zamani iliitwa Riba-Riba. Kilikuwa kituo cha Waarabu na Waswahili, watu wa biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Vituo vya namna hiyo vilikuwa na maboma, bunduki na walinzi wengi. Mwaka 1892 Arthur Hodister, mkubwa wa msafara wa biashara wa Wabelgiji, aliuawa karibu na Riba-Riba, na kisha vita vikawaka. Mwaka 1893, mwezi wa tatu, Nyangwe ilianguka, na mwezi wa nne Kasongo ikaanguka. Utajiri uliolindwa kwa miaka mingi ulitawanyika katika siku chache.

Juu ya nini boma halikulinda? Kwa sababu mali ile ilikusanywa kwa machozi ya watu wa vijiji. Vita ilipofika, wengi waliokaa karibu hawakuwa na sababu ya kuitetea. Mtu aliyewageuza jirani zake kuwa adui anaweza kujenga ukuta mrefu, lakini amejenga gereza lake mwenyewe.

Biblia inaonyesha upande wa pili wa jambo hilo. Katika Waamuzi 18 tunasoma juu ya watu wa Laishi. Hawakuwa wabaya. Walikaa kwa utulivu, bila wasiwasi wowote. Lakini walikaa mbali na Wasidoni, wala hawakuwa na uhusiano na mtu. Siku adui alipofika, hapakuwa na mtu wa kuwasaidia, na mji wao ukateketezwa kwa moto. Angalieni vema, ndugu: kilichokosekana Laishi si mali wala amani. Kilichokosekana ni jirani.

Kumbe kuna kosa mbili. Watu wa boma waliwaumiza jirani. Watu wa Laishi waliishi kama vile jirani hawapo. Mwisho wa wote wawili ulikuwa mmoja.

III. DAWA YA MLANGONI NA MAJI YA MAOMBI

Wengi wetu tumeona pembe iliyozikwa kizingitini, kitambaa chekundu kilichofungwa juu ya mlango, ao yai lililowekwa katika kona ya shamba ili mwizi avimbe tumbo. Mtu analipa mbuzi na kuku kwa ajili ya vitu hivyo, na mlango wake bado unafungwa kwa kamba. Kwa bei ya mbuzi yule angepata kufuli nzuri, bawaba mbili na mbao za mlango, na feza ingebaki.

Tukumbuke pia historia ya kiroho ya inchi yetu. Mwaka 1921, Simon Kimbangu alipoanza kuhubiri Nkamba, watu wa Kongo ya Chini walileta sanamu zao na dawa zao za kinga na kuziacha. Serikali ya wakoloni ilimfunga mwaka uleule, naye akafa gerezani Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Wengi wa wafuasi wake waliondolewa katika nyumba zao na kupelekwa mbali. Wengine walifikishwa hata Lowa, kwenye Lualaba hii yetu, kaskazini ya Lokandu. Watu hao walipoteza nyumba, mashamba na mifugo. Hata hivyo hawakurudia pembe na vitambaa. Walishika maombi, na walishikana wao kwa wao. Hilo ndilo lililowavusha.

Lakini na sisi tulio katika makanisa ya manabii tujihazari. Kuna ndugu walioacha pembe, kisha wakaweka chupa ya maji ya maombi pahali palepale pa pembe, na kuitumainia namna ileile. Maji ya maombi hayakutolewa yawe kufuli. Mtu akinyunyiza maji mlangoni na kuacha dirisha wazi, hajamtumaini Mungu, amemjaribu. Nehemia alipotishwa na adui alifanya mambo mawili, wala hakuacha hata moja: aliomba kwa Mungu, kisha akaweka walinzi mchana na usiku. Na katika sura ya 7 aliagiza kila mmoja alinde mbele ya nyumba yake mwenyewe. Zaburi ya 127 inatufundisha kwamba pasipo Bwana mlinzi anakesha bure. Haitufundishi kwamba mlinzi alale.

IV. KAZI YA MIKONO YETU

Bwana Yesu, katika Matayo 24:43, anasema juu ya mwenye nyumba asiyejua saa ya mwizi. Neno lililotumiwa pale ni kuchimba ukuta na kutoboa. Nyumba za kule zilikuwa za udongo, kama nyingi za kwetu. Mwizi wa nyumba ya udongo hahitaji ufunguo, anahitaji jembe tu. Na mara nyingi jembe hilo ni la mwenye nyumba mwenyewe, lililoachwa inje. Basi tufanye haya:

1. Mlango na ukuta. Jembe, panga na ngazi vilale ndani. Kufuli ifungwe kwa bulo iliyopita mbao mpaka ndani, si kwa msumari mfupi unaong'olewa na bisibisi. Ndani tuweke mti wa kukaza mlango. Chini ya ukuta tupange mawe, na majani ya kuzunguka nyumba yakatwe ili mtu asipate pa kujificha. Kitu cha bei kisiwekwe karibu na ukuta wa inje.

2. Mtumbwi na velo. Ndugu zetu wavuvi wanajua: mtumbwi bila kasia hauendi mbali. Basi mnyororo ubaki ufukoni na kasia zirudi nyumbani. Velo na pikipiki zina namba iliyopigwa katika chuma. Tuiandike namba hiyo ndani ya daftari. Mtu asiyejua namba ya velo yake atasema nini mbele ya polisi? Sufuria, majembe na mashini tuvitie alama yetu pahali pasipoonekana upesi.

3. Moto. Mwizi anaacha kuta, moto hauachi kitu. Jiko liwe mbali na nyumba ya majani. Taa ya mafuta isiachwe ikiwaka karibu na chandarua. Mafuta ya pikipiki yasiwekwe chumbani mwa watoto. Mtungi wa maji na ndoo ya mchanga vikae karibu na jiko.

4. Feza. Wazee wanakumbuka tarehe 25 Desemba 1979, Serikali ilipoondoa noti za zaire 5 na zaire 10 na kutoa siku chache tu za kubadilisha. Waliolaza feza nyingi ndani ya godoro waliamka na karatasi tupu. Mwaka 1993, zaire 3.000.000 za zamani zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998, zaire mpya 100.000 zikawa franka 1. Kwa hiyo feza nyingi ndani ya nyumba ina wezi wawili: mmoja anakuja usiku, mwingine anakuja kwa njia ya redio. Feza kidogo ya matumizi ikae nyumbani. Nyingine iwe katika mpunga, mifugo, vyombo vya kazi, ao katika likelemba ya watu wanaoaminiana, wenye daftari lililo wazi kwa wote. Wanaotuma feza kwa simu wasimwambie mtu yeyote namba ya siri, hata kama mtu huyo anasema anatoka kwa kampuni, na hata kama ni kijana wa kwaya anayesaidia kubonyeza.

5. Karatasi. Katika vita vya 1996-1997 na vya 1998-2003 wengi wetu tulikimbia porini. Tuliorudi tulijifunza kwamba sufuria inapatikana tena, lakini karatasi ya kuzaliwa, ya ndoa, ya masomo na ya kiwanja ni ngumu kuipata. Tuziweke pamoja katika mfuko usiopitisha maji, pahali mkono unapofika hata gizani. Nakala moja ikae kwa ndugu wa mji mwingine. Mke ajue mfuko ulipo. Mume akifa bila kumwonyesha mkewe karatasi za kiwanja, amewafungulia mlango wale watakaokuja kumwondoa mjane siku ya maziko.

6. Ulimi. Hapa tuseme ukweli. Mtu anasimama kanisani kutoa shukrani na kutaja mbele ya watu wote: nimeuza mpunga, nimepata feza kiasi hiki. Shukrani ni njema, lakini Mungu anajua hesabu bila kuisikia. Vilevile mtu anayeenda Kindu kwa siku nne hana sababu ya kuitangaza sokoni. Amwambie jirani mmoja wa kweli, yatosha. Watoto nao wafundishwe kutojibu kila mtu anayeuliza baba yuko wapi na atarudi lini.

7. Mkesha. Wezi wanajua ratiba yetu kuliko washirika wengine. Kuanzia sasa, kila ushirika unapoita mkesha, mashemasi wapange kwa kila mtaa watu wawili wa kubaki na kuzunguka wakiwa na taa na filimbi. Wasihesabiwe kuwa wamekosa ibada. Anayelinda nyumba ya mjane usiku ule yuko katika ibada. Na zamu ibadilike, isiwe kazi ya maskini siku zote. Jirani wa dini nyingine, Mwislamu ao Mkatoliki, akiwa na sikukuu yake, na sisi tulinde kwake. Mezali 27:10 inatufundisha kwamba jirani aliye karibu anafaa kuliko ndugu aliye mbali, wala haiulizi jirani huyo anasali wapi.

8. Mtu wa ndani. Mara nyingi mwizi si mgeni. Ni mtu anayejua mbwa kwa jina. Hatusemi hivi ili tuogope watoto wetu. Tunasema hivi ili tujiulize: kijana anayeishi kwetu na kutufanyia kazi, tunamlipa? Anakula pamoja na sisi? Nyumba yenye mtu mwenye njaa na uchungu ndani yake haina kufuli ya kutosha.

V. KISHA KUIBIWA: NABII ANAPASHWA KUSEMA NINI?

Hapa ndipo moyo wa somo. Mtu akiibiwa anakimbia kwa nabii na kusema: Baba, angalia, nani amechukua? Wanaotetea desturi hiyo wanaleta mafungu mawili. Tuyasome bila haraka.

La kwanza ni 1 Samweli 9. Wanasema: Sauli alipoteza punda, akaenda kwa mwonaji. Ni kweli. Lakini Samweli alimwambia nini? Alimwambia kwamba punda wamekwisha kupatikana, asihangaike tena moyoni. Hakumtaja mwizi. Hakumtuma mtu kupiga mtu. Neno la mwonaji lilimtuliza aliyepoteza, halikumwumiza yeyote.

La pili ni Yoshua 7. Wanasema: Akani alitajwa kwa kura. Tusome mpaka mwisho. Kisha kura, Yoshua hakumwua palepale. Alimwita mwanangu na kumwomba aseme mwenyewe. Akani akaungama na kuonyesha pahali. Kisha Yoshua alituma wajumbe wakaenda mbio hemani, wakachimba, wakavikuta vitu, wakavileta mbele ya watu wote. Ikiwa Yoshua, aliyesema na Mungu, alituma watu kuhakikisha, sisi ni nani tunaopiga mtu kwa sababu ya shati jekundu?

Tuongeze la tatu, ambalo watu hawalileti. Katika Mwanzo 44 kikombe cha feza kilipatikana ndani ya gunia la Benyamini. Kitu kilikuwapo, mashahidi walikuwapo, na bado Benyamini hakuiba. Kilitiwa na mtu mwingine kwa amri ya Yosefu. Ikiwa hata kitu kilichokutwa ndani ya mfuko chaweza kudanganya, ndoto je?

Hatuzarau ndoto wala maono. Kanisa letu linayaheshimu. Lakini ono likija juu ya wizi, lipelekwe kwa wazee wawili ao watatu, kwa siri, wala lisitajwe katika mkutano. Kumbukumbu la Torati 19:15 inadai mashahidi wawili ao watatu, na mtu aliyelala usingizi si shahidi wa jambo lililotendeka inje. Nabii amwombee aliyeibiwa. Aombe pia kwamba mwizi arudishe. Tumekwisha kuona vitu vilivyorudishwa usiku, vikawekwa mlangoni bila mtu kujulikana, kwa sababu mhubiri alihubiri toba bila kumwonyesha mtu kidole. Na mlango wa toba ukifungwa kwa fimbo, nani atarudisha?

VI. SHERIA YA INCHI NA NJIA YA HAKI

Sheria ya makosa ya inchi yetu, iliyotolewa tarehe 30 Januari 1940 na kubadilishwa mara nyingi kisha, inaazibu wizi. Inaazibu kwa ukali zaidi wizi wa kuvunja, na ule wa usiku ndani ya nyumba inayokaliwa na watu. Lakini sheria hiyohiyo inaazibu anayempiga ao kumwua mwenzake, inaazibu anayemharibia mtu jina kwa kumsingizia, na inakataza kabisa kumpitisha mtu katika majaribio ya ushirikina ili kujua kama ana kosa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 29, inasema kwamba makao ya mtu hayaguswi, na kuyapekua kunafanyika kwa njia ya sheria tu. Kwa hiyo kundi la vijana linaloingia kwa nguvu ndani ya nyumba ya mtu kutafuta kitu kilichoibiwa nalo limevunja nyumba.

Na sheria ya Musa ilitangulia. Katika Kutoka 22, mwizi akikutwa usiku akivunja, akapigwa na kufa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Lakini jua likiisha kupanda, kuna hatia ya damu. Juu ya nini? Kwa sababu gizani mtu anajitetea, hajui ni nani wala amekuja kwa nini. Mchana anaweza kuita watu, anaweza kumshika, anaweza kuhukumu kwa haki. Kumpiga mtu aliyekwisha kushikwa na kufungwa mikono si kujitetea, hata kama ni saa sita ya usiku. Kwake jua limekwisha kupanda.

Basi, mtu akiibiwa, afuate njia hii:

- Aite jirani wa pande zote waone mlango na nyayo mbele watu hawajakanyaga.
- Aandike orodha ya vitu, pamoja na namba na alama.
- Ampashe habari shefu wa mtaa ao wa kijiji, kisha polisi, akiwa na orodha hiyo.
- Awaarifu upesi watu wa soko, wa mitumbwi na wa pikipiki, hapa na Kindu, kwa maana kitu kilichoibiwa kinatafuta mnunuzi.
- Asimtaje mtu asiye na ushuhuda juu yake.
- Mwizi akishikwa, afungwe bila kupigwa, na wazee wawili wa kanisa wamsindikize mpaka kwa wenye mamlaka ili asiuawe njiani.

Na tusinunue kitu cha bei ndogo kisicho na mwenyewe anayejulikana. Mshirika anayenunua redio kwa mtu asiyemjua, usiku, kwa nusu ya nusu ya bei, amemlipa mwizi mshahara wake.

Tujue pia kwamba mwizi ana njia ya kurudi. Sheria ya Musa ilimtaka alipe. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Na Waefeso 4:28 inamtaka aliyeiba aache na kufanya kazi kwa mikono yake, hata apate cha kumpa mhitaji. Ushirika ambao haumpi mwizi aliyetubu jembe na kipande cha shamba unamrudisha usiku.

VII. TUNALOAMUA

Tulimwumiza kijana asiye na kosa. Tulimsingizia mbele ya watu wote, na mpaka leo hatukumwomba msamaha mbele ya watu wote. Kumbukumbu la Torati 19 inasema shahidi wa uongo atendewe lile alilotaka kumtendea mwenzake. Sisi tusiogope basi kutenda lililo jepesi kuliko hilo. Tunaomba kila ushirika uliomsingizia mtu kwa sababu ya ndoto ao uvumi, usimame siku ya Mungu, pahali palepale alipotajwa, na kutamka kwamba hakuwa na kosa. Gharama ya matibabu ilipwe kutoka sanduku la kanisa. Akiwa ameondoka, jamaa yake itafutwe.

Kwa maana jina la mtu ni nyumba yake ya pili. Halina mlango wala kufuli. Linalindwa na midomo ya jirani tu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MAKUNDI

1. Watu wa Laishi walikosa nini? Katika mtaa wenu, nyumba gani inakaa kama Laishi, nani atakwenda kuisalimu juma hili?
2. Ni kitu gani nyumbani kwako ambacho kesho ungeshindwa kuonyesha kwamba ni chako?
3. Yoshua alifanya nini kati ya kura na hukumu?
4. Katika mkesha ujao, nyumba ya mjane gani italindwa, na nani atabaki?
5. Je, kuna mtu tuliyemsingizia? Tutamwendea lini?

Wamama wajibu kwanza, kisha vijana, wazee mwisho.

Bwana alinde kuingia kwenu na kutoka kwenu, naye atufundishe sisi kulindana. Amina.